Kilichokuwa Ndani ya Ngumi ya Mfalme

Jumanne ile haikutaka kuondoka kisiwani. Mara ya kwanza ilikuja kama zinavyokuja Jumanne zote, na upepo wake wa kaskazini, na mkate wake wa mafuta ya zeituni, na yule mbuzi wa madoadoa aliyependa kulala juu ya ngazi za kasri zisizokwenda popote. Watu walipoamka kesho yake wakaikuta bado ipo. Wakaisalimu, wakaendelea na kazi zao. Kisiwani pale siku kurudi halikuwa jambo la kumwamshia jirani. Kila mtu alijua kwamba siku hukwama pale ambapo yuko mtu ameshika neno na hataki kulisema, na kwamba si adabu kuulizana ni nani.

Aliyeshika neno alikuwa Mashavu binti Khatibu, fundi wa kuunga vipande.

Mashavu hakuwa mzaliwa wa pale. Alitoka ng'ambo ya bahari mbili, kwa watu wa chokaa; baba yake alikuwa akichoma matumbawe tanurini na kuwapakia watu kuta zao. Alifika lini kisiwani, hilo lilikuwa na majibu mengi. Mwoka mikate alikuwa na hakika kwamba Mashavu alifika bibi yake alipokuwa bado mwari. Mchungaji alisema amefika juzi, tena akiwa na kikapu kichwani. Yeye mwenyewe aliamka asubuhi akiwa na miaka thelathini na minne, na jioni nyingine akajikuta anapanda kitandani na magoti ya mtu wa sitini. Hakulalamika. Kisiwa kilimlipa kwa jambo moja zuri: pale kila mtu alisema lugha yake, na aliyesikiliza akasikia ya kwao. Ndiyo maana Bibi Despina, kikongwe wa kisiwani aliyemfundisha kazi, alipomwita, Mashavu alisikia sauti ya wazee wa mtaani kwao, na hata kukemewa kukawa na ladha ya nyumbani.

Kazi yenyewe ilikuwa hivi. Juu ya kilima palikuwa na magofu ya kasri, nguzo nyekundu zilizonenepa juu na kukonda chini, mitungi ya mafuta mikubwa kiasi cha mtu kusimama ndani, na vyumba vilivyokaa kimoja ndani ya kingine kama maganda ya kitunguu. Kuta za kasri zilikuwa zimechorwa watu, nyani wa buluu, mayungiyungi, pweza, wanawake wakichuma zafarani. Kisha ardhi ikatikisika, zamani sana, au kesho, wanahistoria wa kisiwa hawakuafikiana, na michoro yote ikaporomoka vipandevipande. Vipande hivyo viliokotwa, vikalazwa kwenye masinia ya mchanga, na mafundi wakakaa kuvirudishia jamaa zao.

Kuunga kuna sheria mbili. Ya kwanza: usiunge kwa jicho. "Jicho lina mapenzi," Bibi Despina alikuwa akisema. "Likitaka kuona pua litaiona hata kwenye kisigino. Fumba macho, mwanangu. Sogeza kipande kwa mwenziwe, pitisha ukucha wa kidole gumba juu ya mpaka wao. Ukucha ukikwama, hao hawajuani. Ukiteleza, walaze pamoja mchangani siku moja wazoeane, ndipo utie gundi." Ya pili: gundi iwe ya ngozi ya mbuzi iliyochemshwa, wala isiwe nyingine, kwa sababu hiyo huachia kwa maji ya uvuguvugu. Unachobandika leo, mwingine aweze kukibandua kesho bila kumuumiza mtu. Mashavu alizipenda sheria hizi kuliko alivyozipenda sala za watu wengine, na alizifuata.

Sasa tuseme habari za Mfalme.

Mfalme alisimama kwenye ubao mrefu ukutani mwa chumba cha kazi, kilichofunguka kwenye ukumbi wa kasri. Bibi Despina alimuunga miaka arobaini nyuma, akiwa na macho mazima, kutoka vipande mia mbili na kidogo. Alikuwa na taji la manyoya ya tausi, kifua kipana, miguu inayotembea, na mkono wa kushoto ulionyooshwa mbele, kiwiko kimekunjwa kidogo, umefumba ngumi. Ndani na chini ya ngumi ile palikuwa na pengo tupu la ukubwa wa sahani. Baraza la kisiwa lilisema, na likisema Baraza mambo huwa yamekwisha, kwamba ngumi ile ilishika kamba, na mwisho wa kamba alikuwapo simba.

Kwa hiyo kisiwa kizima kiliishi kwa ngumi. Watu walisalimiana kwa kunyoosha ngumi ya kushoto. Mkate ulipigwa muhuri wa ngumi. Wachumba walipeana posa kwa ngumi, na jinsi walivyozaana baada ya hapo ni siri yao. Palipotokea ugomvi wa mpaka au wa kisima, Baraza halikutafuta ushahidi. Lilinyoosha ngumi tu, kwa niaba ya Mfalme, na waliogombana wakarudi nyumbani kwa sababu hakuna aliyetaka kuvutwa kwa kamba.

Kulikuwa na jambo dogo. Wachoraji wa kale walikuwa na desturi yao: mwanamume walimpaka wekundu wa udongo, mwanamke wakampaka weupe wa chokaa. Kifua cha Mfalme kilikuwa chekundu. Mkono na miguu ilikuwa myeupe. Baraza lilieleza kwamba Mfalme alinyoosha mkono juani siku nyingi mno, ukapauka. Kwa nini jua lililowatia weusi mikono wavuvi na wachumaji wote wa kisiwa lilimpausha Mfalme peke yake, hakuna aliyeuliza. Kuuliza si ujinga, lakini Mashavu alikuwa mgeni, na mgeni hachungulii chungu.

Alikuwa ameagizwa kuziba pengo. Mara moja kwa mwaka jua huingia moja kwa moja kwenye mlango wa kasri na kulala juu ya kiti cha mawe cha ukumbini, na siku hiyo ndiyo ilikuwa Jumatano inayofuata. Baraza lilitaka Mfalme asimamishwe pale akiwa mzima, na kamba yake. "Kama kipande cha kamba hakipo, kichore," Mwenyekiti wa Baraza alimwambia. "Mistari myembamba tu. Watu hawatakaribia." Mwenyekiti huyu aliitwa Nikifori. Alikuwa mwana wa pekee wa Bibi Despina. Alikuja chumba cha kazi mara moja kwa mwezi, akasimama hatua tatu kutoka kwa mama yake, akamwita Fundi Mkuu. Naye akamwita Mwenyekiti. Waliongea habari za gundi.

Basi Jumanne ya kwanza Mashavu akakaa kwenye masinia ya vipande vilivyokataliwa, yale yaliyoandikwa *Si vya Mfalme*, akitafuta kamba. Alifumba macho. Alichukua kipande, akakipeleka pengoni, akapitisha ukucha, ukakwama. Akachukua kingine, ukakwama. Alikuwa ameshafanya hivyo tangu alfajiri, na akili yake ilikuwa imeshaondoka kwenda kwao, kwenye tanuri la baba yake, pale ukucha ulipoteleza. Uliteleza bila kugusa kitu, upande mmoja hadi wa pili. Akarudia. Uliteleza tena.

Akafungua macho.

Ndani ya ngumi ya Mfalme, kati ya kidole gumba na vidole vilivyokunjwa, palikuwa na ncha nne za vidole vidogo, vyeupe, vimenenepa kidogo kwenye maungio, vidole vya mtoto wa miaka mitatu au minne. Vilikuwa vimeshika. Kila kimoja kilichorwa kucha yake, na kucha moja ilikuwa na uchafu, nukta ndogo ya udongo ambayo mchoraji hakukosea kuiweka. Mashavu alikaa chini kwenye mchanga.

Hapakuwa na kamba wala simba. Mtu alikuwa akitembea na mtoto.

Alikitoa kipande, akakifunga kwenye pindo la kanga yake. Wakati huohuo Bibi Despina aliingia kutoka chumba cha ndani alikolala, akipapasa ukuta, kwa kuwa macho yake yalikuwa yamekufa miaka kumi na mmoja sasa. Kila siku aliingia hivyo, akaenda moja kwa moja kwa Mfalme, akamshika goti, akapanda kwa vidole hadi kifuani, kiungo kwa kiungo, na midomo ikimchezacheza. Alikuwa akiwataja. Alijua kila kipande kilipatikana wapi na siku gani na alikuwa amekula nini siku hiyo.

"Ameamka vizuri," akasema. Kisha, "Umepata nini leo, Mashavu?"

"Sijapata kitu, Bibi."

"Utapata. Heri kufa macho kuliko kufa moyo, nami moyo wangu unaniambia kamba ipo." Akacheka, akaketi miguuni mwa Mfalme kumenya komamanga kwa kugusa tu. "Nikifa, mwanangu, mtanizika popote mtakapo. Lakini nikijua kwamba huyu amekamilika, sitakuwa na deni na mtu."

Mashavu alimpenda kikongwe huyu, na mapenzi ndiyo yaliyomfunga mdomo. Akisema, Mfalme atavunjika, na Bibi Despina hakubakiwa na kitu kingine duniani. Asiposema, kesho atachukua brashi na kupaka kamba juu ya vidole vya mtoto.

Na kesho ndiyo hiyo haikuja.

Jumanne ya pili mbuzi alilala mahali palepale. Mkate ulikuwa uleule, hata ile pembe iliyoungua. Mashavu alikaa kwenye masinia akijifanya anatafuta, na mawazo yake yalikuja bila mpangilio.

Nikisema.

Mtu ni nini lakini. Mia mbili na kidogo, na gundi. Nani alikaa akaamua kwamba hivi ni mtu mmoja na vile si wake? Mimi mwenyewe, nikimwagwa mchangani, nani ataniunga? Atachukua mkono wa mama yangu, kwa kuwa ninao, na hasira za shangazi, na neno moja alilowahi kuniambia mtu njiani, atasema huyu ndiye Mashavu, na ukucha utateleza. Au atafika na sura yake kichwani tayari. Atatafuta malkia. Vitakavyobaki ataviandikia, Si vyake.

Nisiposema.

Mtu mwenye nguvu ni nani? Ni mtu ambaye kilichokuwa mkononi mwake kimepotea. Tunaona mkono umefumba, hatuoni umefumba nini, tunaogopa. Ungekuwa umejaa tungeona, tungesema, aa, kumbe, ni huyu na mwanawe, wanakwenda wapi asubuhi yote hii.

Nikisema atalia. Sijawahi kumwona akilia. Sitaki kuwa mimi.

Mkunjo wa mkono ule, mbona sikuuona? Anayemvuta simba hakunji kiwiko hivyo. Hivyo hukunja anayepunguza mwendo.

"Umepata nini leo, Mashavu?"

"Sijapata kitu, Bibi."

Pindo la kanga lilikuwa na uzito wa yai, lakini lilimvuta upande mmoja siku nzima, na mwoka mikate alipopita akamuuliza kama mguu unamuuma. Akasema ndiyo. Njia ya mwongo fupi, akajua mwenyewe kwamba amebakiza hatua chache tu.

Jumanne ya tatu Bibi Despina hakwenda kwa Mfalme. Aliketi mlangoni na mkate mapajani, akaunusa.

"Huu mkate nimeula," akasema. "Nimeula mara tatu. Pembe imeungua palepale. Mwanangu, mimi ni mzee, siku zangu zinahesabika, na kuna mtu ananila tatu kwa bei ya moja. Umepata nini leo?"

"Kipande cha ngumi, Bibi."

"Cha kamba?"

"Si cha kamba."

Kikongwe akaweka mkate chini. "Ukucha umeteleza?"

"Umeteleza."

"Macho ulifumba?"

"Nilifumba. Kila mara nilifumba."

"Kila mara." Akapangusa makombo mapajani. "Kumbe ni wewe uliyetuweka Jumanne."

"Nisamehe, Bibi. Sikutaka kukuumiza."

"Kilete hapa."

Mashavu alifungua pindo, akamwekea kipande kiganjani. Bibi Despina alisimama mwenyewe, akakataa kushikwa. Alikwenda hadi kwa Mfalme, akaipata ngumi, akakiweka kipande mahali pake na kupitisha ukucha. Akapitisha kwa upande wa pili. Kisha akaugeuza mkono wake, na kwa ncha ya kidole akavigusa vile vidole vidogo, kimoja kimoja, taratibu kama mtu anayehesabu vya mtoto aliyezaliwa sasa hivi.

"Vinne," akasema.

"Vinne, Bibi. Gumba limefichika."

"Miaka mingapi huyu?"

"Mitatu. Labda minne."

"Alikuwa kwenye sinia gani?"

Mashavu hakutaka kujibu hilo. "La vilivyokataliwa."

Bibi Despina alilia akiwa amesimama, bila sauti, kichwa kimeegemea kifua chekundu cha Mfalme. Mashavu alisogea. "Usinishike," kikongwe akasema. "Nenda nje. Katazame mbuzi." Mashavu akatoka, akatazama mbuzi, na machozi yake mwenyewe yakamfanya aone mbuzi wawili. Alijilaumu, akajitetea, akajilaumu tena. Aliposikia anaitwa alirudi mbio.

"Chemsha maji," Bibi Despina akasema. "Yasiwe ya moto. Ya kumwogesha mtoto."

"Ya nini, Bibi?"

"Unajua ya nini. Na uniletee sponji, na kile kisu cha mfupa."

Wakaanza kwenye shingo. Bibi Despina alibana sponji, maji ya uvuguvugu yakateremka kwenye kiungo, akangoja, akabana tena. Hakuwa na haraka. Gundi ya miaka arobaini ilitoa harufu ya mbuzi na ya zamani, kisha ikaachia, na taji la tausi likashuka mikononi mwa Mashavu pamoja na kichwa chake.

"Pitisha ukucha hapo chini ya kidevu," Bibi Despina akasema. "Umeona palivyo laini? Si mchoraji huyo. Ni mimi. Nilipasugua kwa tupa."

Mashavu alipitisha. Ulikuwa mpaka uliochongwa. Kwa fundi wa kuunga hakuna kosa kubwa kuliko hilo. Mtu anaweza kukosea kiungo, hachongi ukingo ili ukubali.

"Wale wa Baraza walinijia," kikongwe akaendelea. "Tulikuwa tumetoka kwenye tetemeko, watu wanagombea visima, wanachinjiana mbuzi. Wakasema, Despina, tupe mtu mmoja wa kumtazama. Wakaniletea kichwa kabla sijapata mwili. Kilipendeza, nami nilikuwa kijana, nilipenda kusifiwa. Ukucha ulikwama. Nikachukua tupa. Siku ile ukucha ulipokwama nilijua, Mashavu. Lakini vita vilikoma kweli, usifikiri havikukoma. Watu walimtazama wakanyamaza. Basi nikasema, uongo unaowafaa watu una ubaya gani? Na kila mwaka nikampenda zaidi, mpaka nikasahau kwamba nilijua."

Walimshusha asubuhi nzima. Kila kipande alikitaja jina kwa mara ya mwisho, na Mashavu akakipeleka mchangani, na huko mchangani walianza kujitenga wenyewe, hapa wekundu, pale weupe, kule manyoya. Na kama ambavyo kisiwani pale kila kitu kilisikika katika lugha ya msikilizaji, Mashavu alivisikia.

Mimi ni kichwa. Nilikuwa msichana kwenye ngoma, taji hili ni la kuazima. Nilikuwa ninacheka, hamkuona?

Mimi ni kifua. Nilikuwa ninaruka juu ya mgongo wa fahali. Nilishtukia nimesimama miaka arobaini.

Mimi ni goti. Sikujua kwamba ninatawala. Nilikuwa ninatembea polepole kwa sababu ya mwenzangu.

Watu watatu. Msichana wa ngoma asiye na mwili, kijana mruka fahali asiye na kichwa, na mwanamke mweupe ambaye hakubakiwa na kitu ila miguu, mkono mmoja, na vidole vinne visivyo vyake. Ubao wa ukutani ulibaki mtupu, na alama za gundi zilizokwenda huku na huku. Bibi Despina aliketi sakafuni, mikono yake imekunjamana kwa maji, akahema. Wakati ule Mashavu akaona kwamba mwanga umesogea. Ulikuwa umetoka dirishani, ukaenda kuelekea mlango wa kasri. Jumanne ilikuwa imeondoka bila kuaga, na nje palisikika watu wengi wakipanda kilima.

Nikifori aliingia na joho lake la Baraza, amenyoosha ngumi. Aliutazama ukuta. Alitazama sakafuni. Mkono ukamshuka wenyewe.

"Fundi Mkuu," akasema. "Mfalme yuko wapi?"

"Hakuwapo," mama yake akajibu.

"Nje wamesimama watu wote wa kisiwa. Jua linaingia sasa hivi. Yuko wapi?"

"Nimekwambia, Mwenyekiti. Hawa ni watu watatu. Nilidanganya. Huyu binti si wa lawama, alinionyesha tu. Kawaambie mimi ndiye."

"Niwaambie." Nikifori alicheka bila furaha. Alikuwa mtu mzima wa miaka arobaini na sita, mvi zimemwingia, na Mashavu alimwona kwa mara ya kwanza kuwa ana hofu. "Unajua watafanya nini wakijua kwamba ngumi haikushika kitu?"

"Ilishika," Mashavu akasema, na sauti yake ikamshangaza mwenyewe. "Tazama, Mwenyekiti."

Alimwonyesha. Nikifori aliinama, joho likagusa mchanga. Alivitazama vile vidole muda mrefu. Nje mtu aliita jina lake, hakugeuka.

"Mtoto mwenyewe yuko wapi?" akauliza.

"Sinaye," Bibi Despina akasema. Sasa hakulia, alisema kama mtu anayesoma hukumu yake. "Alikuwapo. Lazima alikuwapo, mzima, alitembea pembeni yake. Lakini mimi nilikuwa ninatafuta simba. Kila kipande kidogo kilichokuja na mkunjo wa shavu, na tumbo la mtoto, na nywele za mtoto, nilisema hiki si cha Mfalme. Nilikitia siniani. Yale masinia yalikuwa yanajaa, na yakijaa nilikuwa ninayamwaga uani. Miaka minne nilimmwaga uani, kidogo kidogo. Mvua zimeshamla. Hicho kipande nadhani kilinasa pembeni ya sinia tu, kikabaki."

Nikifori aliinuka kutoka mchangani.

"Uani ndiko nilikokuwa mimi," akasema.

"Najua ulikuwa uani. Nilikuweka huko ili usivunje kitu."

"Nilikuwa na miaka sita. Wewe ulikuwa huku ndani na yeye, kutwa. Nilikuwa nikisikia unamsemesha." Alisema taratibu, kwa kutafuta. "Siku moja ulitoka na sinia, ukamwaga, ukarudi ndani. Hukuniona. Nikaenda kuchakura. Kulikuwa na kipande kinatosha kiganjani. Kina jicho moja na nusu ya mdomo na shavu. Mtoto."

Bibi Despina alinyanyua uso.

"Nilikificha kwenye shati. Sikumwambia mtu kwa sababu nilidhani nimeiba. Usiku nilikuwa ninakilaza kwanza, ndipo ninalala. Nilikipa nusu ya mkate wangu." Akafuta pua kwa mkono wa joho, kiongozi mzima. "Nilimwita ndugu yangu. Nikamwambia, na wewe umetupwa."

Mwanga uliingia mlangoni, ukapita juu ya kiti cha mawe kilichokuwa kitupu, ukaja hadi mchangani walipolala wale watu watatu. Mashavu alisogea pembeni asiwazuie kwa kivuli chake.

"Nikifori," kikongwe akasema, na mikono yake ikatafuta hewani mpaka ikalipata joho lake. "Mwanangu. Bado unacho?"

"Ninacho, mama."

"Kilete tukijaribu."

"Sikileti." Alisema kwa upole, lakini alisema. "Nikiombwa na Baraza zima sikitoi. Kimekaa kwangu miaka arobaini, kina mahali pake. Ukikitaka njoo nyumbani. Hujawahi kuja nyumbani kwangu hata siku moja."

"Mimi sioni, mwanangu. Nije nikione na nini?"

"Hata mimi sikuwa ninakitazama. Nilikuwa ninakishika."

Nje waliita tena, sasa kwa pamoja. Nikifori alivua joho, akalitandika juu ya ubao mtupu ili alama za gundi zisionekane, kisha akabadili mawazo, akaliondoa, akaziacha zionekane. Bibi Despina alikuwa anajaribu kusimama. Mashavu akamshika kwapa, na safari hii hakukatazwa.

"Mashavu, mwanangu, nipe viatu."

Mashavu alitafuta. Alitazama chini ya meza, nyuma ya masinia, kando ya jiko la gundi. Aliinua magunia ya mchanga. Ndipo akakumbuka kwamba kwa miaka yote aliyomjua, iwe ni mingi au michache, hakuwahi kumwona kikongwe huyu akitoka zaidi ya kizingiti kile, na kwamba viatu vyake, kama vilikuwapo, viliisha zamani pasipo mtu kuvihitaji.

Akapiga magoti, akavua vyake, akamvisha.